Thamani, Jasho na Swali la Kipi Kitangulie

Timu yoyote ya watengenezaji programu ina maombi mengi kuliko muda wa kuyatimiza. Mteja anataka ripoti mpya, idara ya fedha inataka risiti zitoke haraka, mhandisi anataka kusafisha msimbo uliochakaa, na mtumiaji asiyeona analalamika kwamba simu yake haimsomei kitufe cha kulipia. Yote yanastahili, na wiki haiongezeki siku. Katika mbinu za kazi zinazoitwa ajaili, jibu lililozoeleka ni hesabu: kila ombi lipewe alama ya thamani na alama ya jasho litakalotumika, ya kwanza igawanywe kwa ya pili, na ombi lenye jawabu kubwa litangulie. Kanuni hiyo inafundishika kwa dakika chache. Ndani yake, hata hivyo, limo swali lililowahangaisha wanafalsafa na mafakihi kwa karne nyingi: je, mema ya aina mbalimbali yanaweza kuwekwa kwenye mizani moja?

Mbinu hizi zilipata jina lao Februari 2001, watu 17 wa fani ya programu walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko fupi lenye kanuni 12. Kanuni ya kwanza inaweka mbele kumridhisha mteja kwa kumfikishia mapema, tena mfululizo, programu yenye thamani kwake. Ya kumi inasifu wepesi, na inaueleza wepesi huo kuwa ni ustadi wa kuongeza kiasi cha kazi isiyofanywa. Zikisomwa pamoja, zinasema jambo zito kuhusu maadili ya kazi. Bidii peke yake haihesabiki kuwa fadhila. Mtu anaweza kutoka jasho mwaka mzima akijenga kisichohitajika na asiwe amemtendea mtu yeyote wema.

Kabla ya tamko hilo, Kent Beck, aliyeongoza kazi ya mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, alikuwa ameshaeneza utaratibu wa kugawana madaraka, na mwaka 1999 aliuandikia kitabu. Upande wa biashara ndio unaosema kipi kina thamani. Watengenezaji ndio wanaosema kitachukua kazi kiasi gani. Hakuna upande unaoruhusiwa kusema kwa niaba ya mwingine. Utaratibu huu una haki ndani yake: meneja hawezi kumpangia mhandisi kwamba kazi ya mwezi iishe kwa siku tatu, na mhandisi naye hawezi kuamua kimyakimya kwamba ombi la mteja ni la kipuuzi. Kila mmoja anatoa ushahidi wa anachokijua, na hesabu inakutanisha mashahidi hao wawili.

Hesabu yenyewe ina msingi imara kuliko wengi wanaoitumia wanavyodhani. Mwaka 1956 Wayne E. Smith alithibitisha kwamba kazi zinazosubiri mashine moja zikipangwa kwa kugawanya uzito wa kila kazi kwa muda wake, jumla ya gharama ya kusubiri huwa ndogo kuliko kwa mpangilio mwingine wowote. Chukua saccos yenye programu ya simu na mhandisi mmoja. Kazi ya kwanza, kuhamisha kumbukumbu za wanachama, itachukua wiki 3, na kila wiki inayopita kabla haijakamilika inaipotezea saccos shilingi 600,000. Kazi ya pili, kurekebisha ujumbe wa malipo unaochelewa, itachukua wiki 1, na kila wiki inapoteza shilingi 400,000. Anayetazama hasara peke yake ataanza na kubwa. Akifanya hivyo, kazi kubwa itaisha wiki ya 3 ikiwa imegharimu 1,800,000, na ndogo itaisha wiki ya 4 ikiwa imegharimu 1,600,000; jumla 3,400,000. Akianza na ndogo, itaisha baada ya wiki 1 kwa hasara ya 400,000, na kubwa itaisha wiki ya 4 kwa hasara ya 2,400,000, jumla 2,800,000. Shilingi 600,000 zimeokolewa kwa kubadili mpangilio tu, bila mtu kukesha. Mwaka 2009 Donald Reinertsen aliifanya hoja hii kuwa nguzo ya kitabu chake kuhusu utengenezaji wa bidhaa mpya, na tangu hapo gharama ya kuchelewa imekuwa swali la kila siku katika kampuni nyingi za programu.

Uthibitisho wa Smith, hata hivyo, unaanza pale ambapo ugumu umeshakwisha. Unachukulia kwamba namba zipo, na kwamba ni namba za kitu kimoja. Katika mfano wa saccos kitu hicho kilikuwa shilingi. Timu nyingi hazina shilingi za kuweka mbele ya kila ombi, kwa hiyo hutumia pointi. Mwaka 2002 James Grenning alieleza mchezo wa karata ambamo kila mhandisi huficha makadirio yake kisha wote hufunua kwa pamoja, ili sauti ya mkubwa isiwavute wengine. Karata hizo kwa kawaida hufuata namba zinazofanana na za Fibonacci: 1, 2, 3, 5, 8, 13. Mchezo huu una faida ya kweli, kwa sababu mmoja akifunua 2 na mwenzake 13, mazungumzo yanayofuata huibua jambo ambalo mmoja wao hakulijua. Lakini pointi hizo ni ngazi, na ngazi hazigawanyiki kama shilingi. Mwanasaikolojia S. S. Stevens alishaonya mwaka 1946 kwamba kuna vipimo vinavyoonyesha kutangulia na kufuata tu, na kwamba kuvifanyia hesabu za kugawanya ni kuviongezea maana visivyokuwa nayo.

Onyo hilo si la darasani tu. Timu imeiweka kazi moja kwenye ngazi ya 4 ya thamani na ngazi ya 3 ya jasho. Kazi nyingine imepata ngazi ya 3 ya thamani na ngazi ya 2 ya jasho. Kwa namba za karata, ngazi ya 4 ni 5, kwa hiyo kazi ya kwanza inapata 5 kwa 3, yaani takriban 1.67, na ya pili inapata 3 kwa 2, yaani 1.5. Ya kwanza inatangulia. Sasa timu hiyohiyo, kwa maoni yaleyale, iandike ngazi zake 1, 2, 3, 4, 5. Kazi ya kwanza inapata 4 kwa 3, takriban 1.33, ya pili inabaki na 1.5, nayo inatangulia. Hakuna aliyebadili mawazo. Hakuna habari mpya iliyoletwa. Kilichobadilika ni aina ya namba zilizochapishwa kwenye karata, na mpangilio wa kazi za miezi umepinduka.

Je, basi hesabu itupwe? Wapo waliofikiri kwa makini na wakaitetea. Mwaka 1772 Benjamin Franklin alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley, aliyekuwa amepewa kazi mpya na hajui aikubali au aikatae. Alimshauri agawe karatasi kwa mstari, aandike hoja za kukubali upande mmoja na za kukataa upande wa pili kwa siku kadhaa, kisha afute zile zinazolingana uzito hadi upande mmoja ubaki na zaidi. Franklin alijua kwamba uzito wa hoja haupimiki kwa usahihi wa aljebra. Faida aliyoiona ni kwamba hoja zote zinakuwa mbele ya macho kwa wakati mmoja, na mtu hafanyi uamuzi kwa sababu ya hoja iliyomjia mwisho. Kabla yake sana, Aristotle, katika kitabu cha 5 cha maadili yake, alikiri kwamba vitu tofauti kama nyumba na viatu haviwezi kulinganishwa kwa ukweli kamili, lakini mahitaji ya watu yanavifanya vilinganike kiasi cha kutosha ili biashara iwezekane. Hukumu hiyo ya zamani inafaa kabisa kwa pointi za timu ya programu. Ni kipimo cha kutosha kwa mambo yanayohudumia hitaji moja. Hakitoshi pale mahitaji yanapokuwa ya aina mbili.

Jeremy Bentham hakuukubali mpaka huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 aliorodhesha sifa saba za kupimia raha na maumivu, zikiwemo ukali, muda, uhakika na idadi ya watu wanaoguswa, akitumaini kwamba sheria na matendo yote yangeweza kupimwa hivyo. Fomula za leo ni wajukuu wake. Ile iliyoenezwa na kampuni ya Intercom inachukua idadi ya watu watakaofikiwa, inazidisha kwa ukubwa wa athari na kwa kiwango cha uhakika, kisha inagawanya kwa jasho. John Stuart Mill, mrithi wa Bentham mwenyewe, aliona kasoro: raha zinatofautiana kwa ubora pia, na kiasi kikubwa cha iliyo duni hakiwezi kila mara kununua kiasi kidogo cha iliyo bora. Mill hakutoa ngazi kamili ya daraja za ubora huo. Kwa kazi hiyo kuna wanazuoni wengine waliokwenda mbali zaidi, na wengi wao si wageni kwa wasomi wa pwani ya Afrika Mashariki.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyagawa maslahi ya watu katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambazo bila hizo maisha huvunjika: kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ya pili ni haja, ambazo zikikosekana watu hubaki katika dhiki bila kuangamia. Ya tatu ni mapambo, yanayokamilisha na kupendezesha. Yanapogongana, la daraja ya chini hulipisha la juu yake. Karibu miaka 900 baadaye, mwaka 1994, Dai Clegg alipendekeza maombi ya programu yagawanywe katika yale ya lazima, yale yanayofaa kuwepo, yale yanayoweza kuwepo, na yale ambayo safari hii hayatafanyika. Hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimsoma mwingine. Kufanana kwao kunaonyesha kwamba akili ya mwanadamu, ikiachwa itafakari bila kuharakishwa, hufika kwenye daraja kabla ya kufika kwenye kugawanya.

Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki Kairo mwaka 1262, alilichimba suala hili kuliko wengi. Kitabu chake kuhusu kanuni za hukumu na maslahi ya viumbe kinajadili kwa mifano jinsi maslahi yanavyopimwa dhidi ya maslahi, na madhara dhidi ya madhara. Mmoja wa mifano hiyo ni wa mtu ambaye wakati wa swala umembana, naye anaona mwenzake anazama majini. Jawabu lake ni kwamba amwokoe anayezama, ingawa wakati wa swala utampita. Sababu aliyoitoa ndiyo yenye somo kwa mpangaji wa kazi: mema hayo mawili yanaweza kukusanywa, kwa kuwa swala iliyopita inalipwa kadha, na uhai uliopotea haulipwi. Hakusema kwamba swala ina thamani ndogo; kwa Mwislamu ni nguzo. Aliuliza kipi kitapotea kabisa kikisubiri.

Swali hilo ni kali kuliko lile la Reinertsen. Gharama ya kuchelewa, katika hesabu, ni kiasi fulani kwa wiki, na kiasi hicho hujumlishwa. Izz al-Din anatofautisha hasara inayojumlika na hasara isiyorudi. Programu ya hospitali inayokosea kipimo cha dawa ya mtoto haina gharama ya kuchelewa ya shilingi kadhaa kwa wiki. Ina uwezekano wa kifo, na kuuandikia pointi 13 ili ushindane na ripoti yenye pointi 8 ni kosa hata pale kosa hilo linapotoa mpangilio sahihi. Siku moja jasho la kuirekebisha litakadiriwa kubwa, uwiano utashuka, na ripoti itapita mbele. Wanafunzi wa fikihi hujifunza mapema kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Timu inayojenga programu za afya, fedha au umeme inahitaji kanuni hiyo iwe imeandikwa nje ya fomula, mahali ambapo kugawanya hakufiki.

Kuna tatizo la pili, lisilo na ghafla ya kuzama majini, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kulipuuza. Tuseme programu ina watumiaji 50,000, na 200 kati yao hawaoni. Wanategemea simu iwasomee kilichoko kwenye skrini. Fomula inayozidisha kwa idadi ya watu itaiweka kazi yao chini mwezi huu. Mwezi ujao maombi mapya yatakuja, kila moja likigusa maelfu, na kazi yao itabaki chini. Hakuna siku ambayo fomula itasema zamu yao imefika, wala hakuna mtu aliyewahi kuamua wasihudumiwe. Dhulma imefanyika bila dhalimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unalitaja suala la kufikia teknolojia ya habari na mawasiliano kuwa wajibu, na wajibu hauingii kwenye foleni ya mapendeleo. Msomaji wa Injili anaujua mfano wa mchungaji katika Luka 15 aliyewaacha kondoo 99 akaenda kumtafuta mmoja. Kwa uwiano wa thamani na jasho, mchungaji huyo amekosea hesabu. Mfano ule unawakumbusha walio hodari wa hesabu za namna hiyo kwamba kila kondoo ana dai lake mwenyewe ambalo wingi wa wengine haulifuti.

Kazi ya ndani ya programu, ile ambayo mteja haioni, hupatwa na hali inayokaribiana na hiyo. Ward Cunningham aliifananisha mwaka 1992 na deni: msimbo ulioandikwa kwa haraka hukopesha muda leo na hudai riba kila siku hadi urekebishwe. Kwa kuwa kuusafisha hakumpi mtumiaji kitufe kipya, alama yake ya thamani huwa ndogo, na jasho lake kubwa. Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, aliliona umbo la tatizo hili katika daraja zile tatu. Haja na mapambo, alieleza, ni kama ua unaozunguka dharura. Anayezivunja moja moja bila kujali hufika siku akaigusa dharura yenyewe. Kwa hiyo daraja ya chini hupisha katika mgongano mmoja, lakini haipishi milele. Watengenezaji programu wenye uzoefu hutenga sehemu ya kila mzunguko wa kazi kwa usafi wa msimbo, bila kuuruhusu ushindanishwe kila mara na maombi mapya. Wamefanya vyema.

Upande wa jasho hauna usalama zaidi. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia ya watu kukadiria kazi kwa kufikiria jinsi itakavyokwenda ikienda vizuri, bila kutazama jinsi kazi zilizofanana nayo zilivyokwenda. Jumba la Opera la Sydney lilitarajiwa kumalizika mwaka 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa mwaka 1973 kwa dola milioni 102. Kosa la namna hiyo kwenye kigawanyo huharibu uwiano mzima. Tena jasho lina mwenyewe. Kazi ya pointi 5 anayopewa mhandisi aliyekwisha kukesha wiki mbili si sawa na ya pointi 5 kwa aliyepumzika, na fomula haijui tofauti hiyo. Ron Jeffries, mmoja wa waliotia saini tamko la 2001, amesema kwamba huenda yeye ndiye aliyebuni pointi, na kama ni yeye, anajuta. Anachokisikitikia ni jinsi zilivyogeuzwa kuwa kiboko cha kuwapimia watu kasi.

Hata thamani inayosemwa kwa nia njema na upande wa biashara inaweza kuwa si thamani ya mtumiaji. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya yalianza Oktoba 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji wapokee na kulipa mikopo kwa simu. Kwa orodha yoyote ya vipaumbele ya wakati ule, kuunganisha malipo na vitabu vya mkopeshaji ndiko kungekuwa juu kabisa. Wakopaji wenyewe walipoipata huduma mkononi walianza kutumiana pesa, wakiwatumia jamaa na wenzao wa biashara. Waliokuwa wakiiongoza waliona hilo, wakapunguza mengine, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa ikiwa na kutuma pesa nyumbani kama kazi yake kuu. Hakuna alama ya thamani iliyotolewa mezani mwaka 2005 ambayo ingeweza kulijua hilo, kwa sababu mashahidi wenyewe walikuwa bado hawajaulizwa. Ndiyo maana mbinu za ajaili husisitiza kutoa kitu kidogo mapema: alama ya thamani ni dhana, na dhana husahihishwa na mtumiaji akiwa na kitu mkononi.

Mpangilio unaostahili kufuatwa basi una hatua zake. Kwanza daraja: kipi kikiachwa kitaleta madhara yasiyorudi, kipi ni wajibu kwa watu ambao wingi hauwatetei, na kipi ni ua unaohitaji kushughulikiwa hata pale usipodai. Hivyo vipewe nafasi yao kabla ya karata kufunuliwa. Yaliyobaki, ambayo kwa kawaida ndiyo mengi, yanafanana vya kutosha, na hapo kugawanya thamani kwa jasho ni haki na ni werevu; kukataa kuhesabu pale panapohesabika ni kupoteza muda wa watu. Mwongozo wa Scrum, mojawapo ya mbinu za ajaili, ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unataka msimamizi wa bidhaa awe mtu mmoja, na unakataa awe kamati. Sababu nzuri ya sharti hilo ni kwamba mtu anaweza kuulizwa. Mtumiaji asiyeona akiuliza kwa nini amesubiri miaka miwili, anastahili kujibiwa na mtu huyo kwa maneno na kwa sababu, na jibu kwamba alama ndizo zilizoamua lisipokelewe.